Dawa ya Mama na Haki ya Aliye Tumboni

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twaingia katika suala ambalo limeletwa darsani zaidi ya mara moja, na kila mara limeletwa kwa sauti ya chini, baada ya watu kuondoka. Suala lenyewe ni hili. Mwanamke ana virusi vya ukimwi mwilini mwake, naye ni mja mzito. Hospitali humpa vidonge vya kumeza kila siku. Naye, au mumewe, au mavyaa yake, amesikia kwamba vidonge hivyo humharibu mtoto tumboni. Je, ni halali kwake kuvimeza? Na akiviacha kwa kumwonea huruma mtoto, je, ameepukana na lawama?

Suala hili lina miguu miwili: mmoja umo katika elimu ya matabibu, na mwengine umo katika elimu ya sharia. Twaona watu wengi, na baadhi yao ni wenye vilemba, wakikimbilia mguu wa pili kabla ya kuukanyagia wa kwanza. Kadhi hahukumu mpaka awasikize mashahidi. Na mafakihi wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii, walipozungumza juu ya mgonjwa atakaye kutayammamu kwa kukhofu maji yasimzidishie maradhi, walimtaka ategemee kauli ya tabibu mjuzi na mwaminifu. Hawakumwambia amuulize jirani. Basi na sisi tuanze kwa matabibu.

Mama mwenye virusi hivi aweza kumwambukiza mwanawe kwa njia tatu: angali tumboni, wakati wa uchungu wa kuzaa, na wakati wa kunyonya. Pasipokuwa na dawa yoyote, katika kila watoto 100 wa mama hawa, walio baina ya 15 na 45 huambukizwa. Na mtoto aliyeambukizwa hivyo, asipotibiwa, si mwenye umri; karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Hii ndiyo hali ya asili ya maradhi haya, na msomaji aishike vyema, kwa kuwa kila hisabu itakayofuata itapimwa kwayo.

Katika mwaka 1994 matabibu wa Marekani na Ufaransa walitangaza kwamba dawa iitwayo zidovudini, akipewa mama mja mzito na mwanawe akizaliwa, yapunguza maambukizo kutoka watoto 25 katika mia hata 8. Mwaka 1999, hapa jirani zetu Kampala, ilidhihirika kwamba kidonge kimoja tu cha nevirapini, akimeza mama wakati wa uchungu, na matone kidogo kwa mtoto, chaweza kuyapunguza hata kwa mama maskini asiyekuwa na uwezo wa dawa ya miezi mingi. Siku hizi mambo yamekwenda mbele zaidi. Mama hupewa dawa tatu zilizokusanywa katika kidonge kimoja cha kila siku, na kinachotumika sana katika nchi zetu kina tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Huko Ufaransa, katika khabari zilizotolewa mwaka 2015, walihisabiwa watoto 2,651 ambao mama zao walianza dawa kabla ya kushika mimba, wakaendelea nayo, na virusi vyao vikawa vimezimika hata havionekani kwa vipimo walipozaa. Katika watoto wote hao hakuambukizwa hata mmoja wakati wa mimba wala wa kuzaliwa.

Ama hii khofu ya dawa, haikuzuka kwa upuzi, na si haki kuwacheka wenye kukhofu. Baina ya mwaka 1957 na 1961 iliuzwa Ulaya na kwengineko dawa iitwayo thalidomidi, wakapewa waja wazito kwa ajili ya kichefuchefu cha asubuhi. Watengenezaji waliinadi kuwa ni salama. Wakazaliwa watoto zaidi ya 10,000 wenye mikono na miguu mifupi, au wasiokuwa nayo kabisa. Tangu hapo ulimwengu wa matabibu uliingiwa na kicho kikubwa, wakawa hawataki kumjaribia mja mzito dawa mpya. Mwaka 1977 serikali ya Marekani iliagiza wanawake wawezao kushika mimba wasitiwe katika majaribio ya mwanzo ya dawa, na agizo hilo lilikaa mpaka mwaka 1993.

Tazama, ewe msomaji, matokeo ya kicho hicho. Walitaka kumlinda mja mzito, lakini walimlinda na ujuzi pia. Kwani maradhi hayakuacha kumpata kwa kuwa ni mja mzito, na dawa alikuwa akizihitaji vile vile, ila sasa alizimeza pasipo mtu yeyote kujua zamfanyani. Kutojua hakukuiondoa khatari. Kuliitia gizani tu. Hili ni jambo ambalo wanafunzi wa fikihi hawana budi kulizingatia, kwa sababu nasi tuna mtindo wa kudhani kwamba aliyekataza ametoka salama, na aliyeruhusu ndiye aliyejitia khatarini mbele ya Mola wake.

Pana visa vya dawa zilizodhuru kweli, wala hatuvifichi. Mwanzoni mwa mwaka 2001 matabibu wa Marekani walionya kwamba kuzichanganya dawa mbili, stavudini na didanosini, kwa mja mzito, kumewaua baadhi ya wanawake kwa kuharibu damu na ini. Mchanganyiko huo ukaachwa. Na baadhi ya michanganyiko mingine imeonekana kuzidisha kuzaa kabla ya siku. Dawa ni dawa, si maji ya matunda. Basi asemaye kwamba dawa hizi hazina dhara lolote amesema zaidi ya anavyojua, na asemaye kwamba zote ni sumu amesema kinyume cha anachoweza kukijua kila mwenye kutaka kuuliza.

Sasa twafika kwenye kisa ambacho ndicho asili ya maneno mengi yasemwayo mitaani, ijapokuwa wayasemao hawakijui. Katika nchi ya Botswana, tangu mwaka 2014, kumekuwa na kazi ya kuwaandika watoto wanaozaliwa katika hospitali kubwa za serikali, na kutazamwa kila mmoja kama ana kasoro ya maumbile. Mwaka 2016 nchi hiyo ilianza kutumia dolutegraviri kwa watu wote, na ni dawa njema: huvizima virusi upesi, na virusi ni vigumu kuizoea. Ilipofika mwezi wa Mei 2018, wale waandishi walitazama hisabu yao wakaona jambo la kushtua. Katika mama 426 walioshika mimba hali wanaitumia dawa hii, wanne walizaa watoto ambao mfereji wa ubongo na uti wa mgongo haukufunga vyema. Hao ni kama 9 katika kila elfu, na kwa mama waliotumia dawa nyengine ilikuwa kama 1 katika elfu. Hawakuificha khabari hii. Waliitangaza, na mwezi huo huo Shirika la Afya Duniani na idara za dawa za Marekani na Ulaya zikatoa tahadhari.

Kutangaza kulikuwa ni wajibu, na waliotangaza walitekeleza amana. Lakini kuna kutangaza, na kuna yanayotendwa na watu kwa tangazo. Nchi nyingi, na yetu ya Kenya ikiwa mojawapo, ziliamua mwaka ule wa 2018 kwamba wanawake walio katika umri wa kuzaa wasipewe dolutegraviri, ila wapewe efavirenzi, dawa ya zamani, ambayo huwapa wengi kizunguzungu na ndoto mbaya, na ambayo virusi vilikuwa vimekwisha anza kuizoea. Na cha ajabu ni kwamba hiyo efavirenzi yenyewe nayo ilikwisha kupita njia hiyo hiyo. Tangu ilipotoka mwaka 1998 waja wazito walionywa nayo, kwa sababu ya nyani watatu waliozaliwa na kasoro katika majaribio. Miaka ikapita, watoto wa binadamu wakahisabiwa, kasoro haikuonekana kuzidi, na mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likaruhusu itumike hata mwanzoni mwa mimba. Dawa iliyokhofiwa jana ndiyo iliyokuwa kimbilio leo.

Mwezi wa Julai 2018 walikutana mjini Kigali wanawake wa Kiafrika wenyewe walio na virusi hivi, kutoka nchi nyingi, wakasema neno ambalo twaliona lina uzito kuliko nyaraka nyingi za wakubwa. Walisema si haki kuwanyima wanawake wote dawa bora kwa sababu ya mtoto ambaye huenda akatungwa na huenda asitungwe. Kwamba waelezwe khatari ilivyo, kisha waachiwe wachague wenyewe.

Neno hili twalipima kwa mizani ya mafakihi, nalo lasimama. Aliyeko ana haki iliyothibiti. Asiyekuwako bado hana haki ya kuiondoa haki ya aliyeko. Mwanamke wa miaka 30, asiyekuwa na mimba wala nia ya mimba, huenda ni mjane, huenda amekwisha kufunga uzazi, akinyimwa dawa bora kwa kuwa tu ameumbwa na kizazi, huyo amefanywa chombo cha kuwekea mtu mwengine, si mtu mwenyewe. Na sheria yetu haikumhisabu hivyo. Tazama hukumu ya mja mzito katika Ramadhani. Mafakihi wa Kishafii wametenga khofu mbili: akifungua kwa kukhofia nafsi yake, ana kulipa tu, akifungua kwa kumkhofia mtoto peke yake, ana kulipa pamoja na fidia. Maana yake ni kwamba wamemwona mama kuwa ni mtu mwenye khofu yake mwenyewe iliyo halali, na mtoto kuwa ni mtu wa pili mwenye haki yake, wala hawakuimeza haki ya mmoja ndani ya haki ya mwengine. Na kwamba aliye tumboni ana haki si jambo la shaka, ampigaye mja mzito hata mimba ikatoka hutozwa dia yake, na hukumu hiyo imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.).

Turudi Botswana. Waandishi hawakuacha kuandika. Mwaka 2019 hisabu ilikuwa imefika mama 1,683, na walioonekana na kasoro hiyo ni watano: yaani 3 katika elfu, si 9 tena. Mwaka 2020 walikuwa 7 katika 3,591, yaani kama 2 katika elfu. Mwaka 2022, walipofika mama 9,460, walikuwa 10, yaani 1 katika elfu, sawa sawa na wanaotumia dawa nyengine. Ile tofauti ya mwanzo ilikuwa ni kama mtu arushaye shilingi mara chache ikaanguka upande mmoja. Shirika la Afya Duniani halikungoja mpaka mwisho. Mwezi wa Julai 2019 lilikwisha kuipendekeza dawa hii kwa wote, waja wazito nao wakiwamo. Basi anayesema leo kwamba hospitali inawapa waja wazito dawa iliyokatazwa, huyo amebeba khabari ya mwaka 2018 na hakuisikia ya 2019 wala ya 2022. Khabari mbaya ina miguu, na khabari ya kuisahihisha ni kiwete.

Na hata lau ile hisabu ya kwanza ingalisimama, kuacha dawa kusingalikuwa ndiyo njia. Yatakikana jambo hili lieleweke vizuri. Ule mfereji wa uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Wakati huo aghalabu mwanamke hajajua hata kama ni mja mzito. Akija kujua katika mwezi wa pili au wa tatu, kisha akatupa vidonge vyake, hamwokoi mtoto na kasoro hiyo, kwani wakati wake umekwisha pita. Analolifanya ni kuvifungulia mlango virusi vilivyokuwa vimefungwa, navyo huamka upesi. Amelikimbia dhara lililokwisha kupita na kulikaribisha lililokuwa halijafika. Na aliyekuwa akishindaniwa mwaka ule wa 2018 alikuwa ni mama wa dawa hii na mama wa dawa ile. Hakuna tabibu mwaminifu aliyepata kusema kwamba mja mzito akae pasina dawa.

Tukija kwenye hukumu, twaikuta nyepesi kuliko ilivyodhaniwa. Mafakihi wamekubaliana kwamba jambo la yakini haliondolewi na la shaka, na kwamba yanapokutana madhara mawili hulichukuliwa lililo dogo. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, katika kitabu chake cha Kawaid, amefananisha sharia na utabibu kwa kuwa vyote viwili vimewekwa kuvuta maslahi na kuondoa mafasidi. Hapa dhara la kuacha dawa ni la kuhisabika, watoto 15 hata 45 katika mia, na mama mwenyewe pamoja nao. Dhara la kuimeza, baada ya kutazamwa maelfu ya watoto, halikuonekana kuzidi lile limpatalo kila mzazi. Mtu hahitaji kuwa mjuzi mkubwa kuzipima pishi mbili hizi.

Lakini twajua kinachowazuia watu si hisabu. Ni kitu kilichomo moyoni, nacho ni hiki: nikimeza dawa na mtoto akazaliwa na kasoro, basi ni mkono wangu uliotenda, nisipomeza na akaambukizwa, basi ni majaliwa. Kuna watu wema, wacha Mungu, waliojenga ucha Mungu wao juu ya hoja hii, na yataka kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna uhaki kidogo na upotofu mwingi. Uhaki wake ni kwamba kutenda na kuacha si kitu kimoja daima. Sote twajua kwamba ampigaye mtu si sawa na asiyemsaidia. Upotofu wake ni kudhani kwamba kuacha siku zote si kitendo. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho wazee wetu wa Lamu na Mombasa wamekisomesha vizazi kwa vizazi, imo hukumu ya mtu amfungiaye mwenzake, akamzuilia chakula na maji na hata kuvitafuta, mpaka ukapita muda ambao mfano wake hufa kwa njaa au kiu. Akifa, aliyemfungia huhisabiwa amemuua kwa kusudi. Hakumpiga. Hakumgusa. Ila aliyefungwa alikuwa hana pengine pa kupatia riziki yake ila mkononi mwake.

Basi ni nani aliyefungwa zaidi kuliko aliye tumboni? Hapati pumzi wala chakula wala kinga ila kwa mama. Hawezi kutoka akatafute. Hawezi hata kuuliza. Hapa kuacha hakuna tena sura ya kujitenga na jambo; kuna sura ya kuzuia. Wala hatusemi haya kumshitaki mwanamke mwenye khofu. Yeye mara nyingi ndiye dhaifu wa kwanza katika nyumba ile, naye amedanganywa, na aliyedanganywa si kama aliyejua. Maneno haya yamwelekea yule ajuaye kisha akazuia: mume anayevitupa vidonge kwa kukhofu watu wasijue, mkwe amwambiaye mwana wa mwenzake kwamba mke mwema hamezi sumu akiwa na mimba, na mwalimu anayetoa fatwa kwa jambo asilolisoma.

Na hoja hii haikukaa majumbani tu. Ilipata kukaa katika viti vya serikali, na twaona yafaa kuitaja. Mwezi wa Oktoba 1999 Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini alisema katika Bunge lake kwamba dawa ya zidovudini ina sumu, na kwamba haifai kupewa watu kabla ya kuchunguzwa zaidi. Ilipokuja nevirapini, ambayo watengenezaji walijitolea kuitoa bure, serikali yake iliiruhusu katika vituo viwili tu katika kila jimbo, kwa hoja kwamba usalama wake haujathibiti. Ni hoja ya heshima ukiisikia. Nani asiyetaka uthibitisho? Watu wakaenda mahakamani, na mwezi wa Julai 2002 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaamuru dawa itolewe hospitalini pote panapohitajiwa. Mwaka 2008 wajuzi wa Harvard walikisia kwamba kwa ucheleweshaji ule wa dawa, baina ya mwaka 2000 na 2005, walipotea watu zaidi ya 330,000, na watoto kama 35,000 walizaliwa na maambukizo ambayo yangaliweza kuzuiliwa. Wale waliokuwa wakitaka yakini zaidi walikuwa nayo tayari yakini moja mbele ya macho yao, yakini ya watoto wanaokufa, ila hawakuihisabu kwa kuwa haikuletwa na mkono wa mtu.

Kuna wasemao kwamba kumeza dawa kila siku kwapunguza tawakali. Hawa twawaelekeza kwa Imamu Ghazali, ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kwa uchache wa tawakali. Katika Ihya amezigawanya sababu za kuondoa madhara sehemu tatu. Iko sababu ya yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. Kuiacha hiyo si tawakali hata kidogo, bali ni haramu inapokhofiwa kifo. Iko sababu ya kudhaniwa, kama kuumika na dawa za matabibu. Hiyo haipingani na tawakali, wala kuiacha hakukatazwi kila mara. Na iko ya tatu ya kuwazika tu. Sasa mwenye kuuliza huweza kusema: dawa imo katika fungu la pili, basi mwanamke ana khiari. Hapo twasema: Imamu alizitaja dawa za zama zake, na fungu ni la sifa, si la jina. Dawa iliyohisabiwa watoto 2,651 asiambukizwe mmoja, hiyo imekwisha kulihama fungu la dhana na kulijongelea la maji na mkate. Na hata angalikuwa na khiari kwa nafsi yake, khiari ya mtu ni kwa nafsi yake. Kumwachia dawa mwengine asiyeweza kunena ni jambo jengine kabisa.

Ama kombe na azima, atakaye kusomewa Kurani na asomewe, ni baraka na utulivu wa moyo. Lakini anayemwambia mja mzito kwamba kombe la zafarani latosha, aache vidonge, huyo amekitoa kitu cha fungu la tatu akakiweka mahali pa fungu la kwanza, na huenda akapokea na ujira juu yake. Watu wa mji wawajue watu hawa.

Yamebaki mambo mawili ya matumizi, ambayo huulizwa sana na hayataki maneno mengi. La kwanza ni kunyonyesha. Mama anayemeza dawa zake vyema hakatazwi kumnyonyesha mwanawe. Atakikana ampe maziwa yake peke yake miezi sita ya mwanzo, bila uji wala maji wala chochote chengine ila dawa aliyopewa na hospitali, khalafu aongeze vyakula huku akiendelea kunyonyesha. Mchanganyo wa mapema, kama desturi ya baadhi ya majumba yetu ya kumwonjesha mtoto uji kabla ya arubaini, ndio unaozidisha khatari.

La pili ni Ramadhani. Kidonge hiki ni kimoja kwa siku, nacho chaweza kumezwa baada ya kufuturu au wakati wa daku, mradi saa isibadilike-badilike. Mwanamke atakaye kufunga na amuulize daktari wake kwanza, na akimkataza, ile ruhusa tuliyoitaja ya mja mzito ni yake. Na ajue kwamba vidonge vya damu anavyopewa kliniki, vyenye chuma, pamoja na vile vya chokaa ya mifupa, huizuia dolutegraviri isiingie mwilini vyema vinapomezwa pamoja tumbo likiwa tupu. Avimeze pamoja akiwa anakula, au kama si hivyo aitangulize dolutegraviri saa mbili kabla yao, au aichelewe saa sita baada yao. Kwa hiyo kwa afungaye, wepesi zaidi ni kuvimeza vyote pamoja na futari yenyewe, chakula kikiwa mbele yake.